Miaka ya Barack Obama katika Seneti ya Illinois: Alipita Tu, au Alifanya Kazi?

Msomaji wetu wa Siaya anauliza: "Huku kwetu jina la Obama halikosekani watu wakizungumza siasa, lakini tukifika kwenye miaka aliyokuwa seneta wa jimbo la Illinois, kila mtu ana lake. Mmoja husema alikaa tu akingoja nafasi ya kupanda. Mwingine husema alikipata kiti kile kwa kumwondoa mama aliyemshika mkono. Seneta wa jimbo kule Marekani ana kazi gani hasa? Yeye alifanya nini, na kiti alichokiacha kilikwenda kwa nani?"

Ndugu msomaji, nitaanza na hukumu yangu, kisha nieleze namna nilivyoifikia. Dai kwamba alimwondoa mama aliyemkaribisha ni la kweli, ingawa kilichofanyika kilikuwa halali kisheria. Dai kwamba alikaa tu lina ukweli kiasi kwa miaka sita ya mwanzo, wala halina ukweli wowote kwa miaka miwili ya mwisho. Kilichotenganisha vipindi hivyo viwili hakikuwa bidii ya Obama, kwa sababu bidii alikuwa nayo tangu mwanzo, bali idadi ya viti vya chama chake cha Democratic ndani ya ukumbi.

Kwanza cheo chenyewe, maana hapa ndipo wasomaji wengi wa Kenya hupotea njia. Seneta wa Kenya huchaguliwa na kaunti na kukaa Nairobi katika bunge la kitaifa. Seneta wa jimbo wa Marekani haendi Washington. Hukaa katika makao makuu ya jimbo lake, na kwa ngazi yuko karibu zaidi na mwakilishi wadi wa bunge la kaunti. Tofauti iko kwenye mamlaka. Sheria za makosa ya jinai, taratibu za polisi, shule za umma, leseni, kodi za jimbo, na hata kuwepo au kutokuwepo kwa adhabu ya kifo, hayo yote huamuliwa na bunge la jimbo. Illinois ina maseneta 59 na wajumbe 118 wa baraza la chini, na wote hukutana Springfield, mji mdogo ulio umbali wa takriban kilomita 320 kutoka Chicago. Vikao vikubwa huanza Januari na kwa kawaida humalizika mwishoni mwa Mei, kwa hiyo wengi wao huwa na kazi nyingine. Obama, kwa miaka yote aliyokuwa seneta wa jimbo, aliendelea kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago, na kwa kipindi fulani alikuwa pia wakili katika kampuni ya sheria ya mjini humo.

Sasa tuingie kwenye lile la mama. Kiti cha eneo la 13, lililojumuisha mtaa wa Hyde Park wenye chuo kikuu pamoja na vitongoji maskini vya kusini mwa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati aliyeheshimika sana. Mwaka 1995 mbunge wa taifa wa eneo hilo, Mel Reynolds, alitiwa hatiani kwa makosa ya kingono, na kiti chake cha Washington kikawa wazi. Palmer alikuwa akikigombea, na akamuunga mkono Obama, aliyekuwa na umri wa miaka 34, arithi kiti chake cha Springfield. Obama akatangaza nia Septemba mwaka huo. Hapo hakukuwa na ugomvi wowote.

Ugomvi ulikuja tarehe 28 Novemba 1995, Palmer aliposhindwa katika kura ya mchujo ya kiti cha Washington. Mshindi alikuwa Jesse Jackson Mdogo, na wa pili Emil Jones, seneta wa jimbo ambaye jina lake tutakutana nalo tena. Palmer alishika nafasi ya tatu. Wafuasi wake wakamwomba Obama ajiondoe ili mama arudi kwenye kiti chake cha zamani. Obama akakataa, kwa hoja kwamba alikwisha kuahidiwa, alikwisha kuchangisha fedha, na alikwisha kuwaomba watu wajitoe kwa ajili yake. Palmer naye akachukua fomu.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua vizuri lugha ya wadhamini na pingamizi, na kwa kweli hakuna lugha inayoieleza hatua iliyofuata kuliko hiyo. Ili jina la mgombea wa seneti liingie kwenye karatasi ya kura ya mchujo mwaka ule, alihitaji saini halali 757 za wapiga kura walioandikishwa na wanaoishi ndani ya eneo hilo. Palmer, ambaye alikuwa na siku chache tu kabla ya fomu kufungwa, alikusanya saini 1,580, idadi ambayo mtu asiyejua angeiona kuwa inatosha na kubaki. Watu wa Obama walikwenda kwenye ofisi ya uchaguzi, wakazilinganisha karatasi hizo na daftari la wapiga kura jina kwa jina, wakaanza kuweka pingamizi: huyu anaishi nje ya mpaka wa eneo, huyu hayumo kwenye daftari, huyu ameandika jina lake kwa herufi zilizotengana ilhali saini yake ya kwenye daftari ni ya mwandiko wa kuunganisha. Walipomaliza, sehemu kubwa ya saini za Palmer ilikuwa imeanguka, naye akajitoa. Hawakuishia kwake. Wagombea wengine watatu wa chama hichohicho walipigwa kwa rungu lilelile, mmoja wao akipungukiwa saini 69 tu. Machi 1996 Obama akapita kwenye mchujo bila kupingwa, na Novemba akashinda uchaguzi mkuu kwa zaidi ya asilimia 80, katika eneo ambalo mgombea wa chama pinzani cha Republican kwa kawaida huenda kushiriki tu.

Je, hilo lilikuwa kosa? Kisheria hapana. Sheria ya saini ilikuwepo, na wanasiasa wa Chicago wamekuwa wakiitumia kizazi hadi kizazi. Binafsi naona kinachostahili kuulizwa ni kitu kingine: mtu aliyeanza maisha yake ya Chicago mwaka 1985 kama mhamasishaji wa jamii katika mitaa ya nyumba za umma, na ambaye mwaka 1992 aliongoza kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura wapya, aliingia bungeni kwa namna iliyowanyima wapiga kura haohao nafasi ya kuchagua kati ya watu watano. Yeye mwenyewe baadaye aliutetea uamuzi huo kwa kusema kwamba asiyeweza kukusanya saini halali atawezaje kuendesha ofisi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimalizi swali.

Aliapishwa Januari 1997, akakuta Seneti iko mikononi mwa Republican, chini ya rais wake James Philip, mtu wa vitongoji vya matajiri vya nje ya Chicago ambaye hakuwa na haraka ya kusaidia ajenda za mjini. Msomaji anayezoea kusikia kwamba mbunge hupeleka mswada na mswada hujadiliwa, naomba alishike jambo hili: katika bunge la Illinois, kiongozi wa walio wengi ndiye anayeamua mswada uende kamati gani, na kuna kamati ambayo kazi yake, kwa lugha ya wazi, ni kuizika miswada ya wapinzani. Seneta wa walio wachache anaweza kuandika mswada mzuri kuliko yote na usisomwe kamwe. Kwa miaka sita hiyo ndiyo ilikuwa hali ya Obama, na miswada yake mingi, ukiwemo ule wa kuwalazimu polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, iliishia humo.

Hata hivyo alipata ushindi mmoja mkubwa mapema. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya maadili iliyopiga marufuku zawadi nyingi kutoka kwa wanaotafuta upendeleo wa serikali na iliyowazuia wanasiasa kutumia fedha za kampeni kwa matumizi yao binafsi. Aliyemwombea nafasi ya kuishughulikia alikuwa Abner Mikva, jaji na mbunge wa zamani, pamoja na Paul Simon, aliyekuwa seneta wa taifa. Emil Jones, ambaye alikuwa kiongozi wa walio wachache, akamkabidhi kijana huyo kazi ambayo maseneta wakongwe waliikwepa kama ukoma, kwani nani anataka kuwa mtu aliyewanyima wenzake zawadi? Obama alishirikiana na wa upande wa pili, akiwemo Kirk Dillard wa Republican, na mswada ukapita. Illinois, jimbo ambalo magavana wake kadhaa wamefungwa jela, haikuwa imefanya mageuzi ya aina hiyo kwa miaka mingi.

Pia alijifunza kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya sheria. Jioni, baada ya kikao, maseneta kadhaa walikutana nyumbani kwa mwenzao Terry Link kucheza karata za poka kwa dau dogo, na Obama akawa mmoja wao. Waliokuwepo walikuwa watu wa mashambani na wa miji midogo, waliotilia shaka kijana msomi wa Harvard anayezungumza kama mhadhiri. Wenzake wa meza ile wamesimulia mara nyingi kwamba alicheza kwa tahadhari, hakuweka fedha bila kuwa na karata nzuri. Sitaki kulipa jambo hili uzito kupita kiasi, lakini kura alizokuja kuzihitaji baadaye zilitoka kwa watu wa namna hiyo.

Hapa nigusie kwa ufupi lawama nyingine inayorudiwa mara kwa mara, ile ya kwamba alipiga kura ya "nipo" badala ya ndiyo au hapana. Ni kweli: alifanya hivyo karibu mara 130, kati ya kura zipatazo 4,000. Lakini mswada wa kawaida katika Seneti ya Illinois hupita kwa kura 30 za ndiyo kati ya maseneta wote 59, si wingi wa waliopiga kura siku hiyo, kwa hiyo "nipo" huhesabika sawa na hapana. Mara nyingi ilikuwa mbinu ya chama, hasa kwenye miswada ya utoaji mimba iliyoandikwa ili kuwaingiza mtegoni maseneta wa maeneo yenye ushindani. Mara nyingine, nadhani, ilikuwa ni tahadhari ya mtu anayefikiria uchaguzi ujao.

Na uchaguzi huo ujao ulimwadhibu. Mwaka 2000 alimpinga mbunge wa taifa Bobby Rush, aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, jimboni Illinois, kwenye mchujo wa chama chao. Oktoba 1999 mtoto wa Rush aliuawa kwa risasi, na kampeni ikasimama kwa maombolezo. Desemba, gavana aliitisha kikao cha dharura kuhusu sheria ya silaha. Obama alikuwa Hawaii na familia, binti yake akaugua, akakosa kura, na mswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti hayakumsamehe. Mitaani alisemwa kuwa ni mtu wa chuo kikuu, si wa watu weusi wa kusini mwa Chicago. Matokeo ya Machi 2000 yalikuwa asilimia 61 kwa Rush na 30 kwa Obama. Ukimtazama mtu huyo mwaka ule, mwenye madeni ya kampeni, aliyerudi Springfield kwenye benchi la walio wachache, usingemtabiria makubwa.

Kilichomwinua ni kofia, na hapa sitanii. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema kwamba kila baada ya sensa mipaka ya maeneo ya uwakilishi ichorwe upya. Bunge likishindwa kukubaliana, iundwe tume yenye wajumbe sawa wa vyama vyote viwili. Na tume nayo ikikwama, ipigwe bahati nasibu kati ya majina mawili, moja la kila chama, ili kupata mjumbe wa ziada atakayevunja sare. Waandishi wa katiba walidhani hofu ya bahati nasibu ingewalazimisha wanasiasa kuelewana. Wanasiasa walipendelea bahati nasibu. Mwaka 1981 Democratic walishinda bahati nasibu, mwaka 1991 wakashinda Republican, na Septemba 2001 katibu wa jimbo aliingiza mkono katika kofia iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ndefu ya Abraham Lincoln, akatoa jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago na mtu wa Democratic.

Karatasi ile moja iliamua nani atawale Seneti kwa miaka kumi. Obama mwenyewe alikaa mbele ya kompyuta na mtaalamu wa chama na kulichora upya eneo lake: Hyde Park ilibaki ndani, lakini eneo likanyooka kuelekea kaskazini kando ya ziwa Michigan hadi kwenye majumba ya matajiri wa katikati ya jiji, wenye kura na wenye fedha za kuchangia kampeni kubwa zaidi. Wapiga kura hawakuhamia kwake. Mstari ndio uliowafuata walipo. Novemba 2002 Democratic walipata viti 32 kati ya 59, na Januari 2003 Emil Jones akawa Rais wa Seneti. Jones mwenyewe amesimulia jinsi Obama alivyomjia na kumwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa taifa, na alipoulizwa amtengeneze nani, akajitaja.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo inayojibu swali lako la "alifanya nini". Obama alipewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Alisimamia upanuzi wa bima ya afya kwa watoto na wazazi wa kipato kidogo na nafuu ya kodi kwa wafanyakazi maskini, na mswada wa rangi za madereva, uliokwisha kuzikwa, ukafufuliwa na kuwa sheria. Lakini mimi ningependa uutazame zaidi ule wa kurekodi mahojiano ya polisi, kwa sababu humo ndimo ufundi wake unapoonekana.

Illinois ilikuwa na aibu. Tangu adhabu ya kifo irudishwe mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa kuchomwa sindano ya sumu, ilhali 13 waliohukumiwa kufa walibainika baadaye kuwa walihukumiwa isivyo haki. Baadhi ya wafungwa wa kifo walisema walikiri mauaji baada ya kuteswa na askari wa Chicago chini ya kamanda Jon Burge, aliyefukuzwa kazi mwaka 1993. Gavana George Ryan, mtu wa Republican, alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo Januari 2000, na tume aliyoiunda ikapendekeza, pamoja na mengine, kwamba mahojiano ya washukiwa wa mauaji yarekodiwe yote tangu mwanzo, si ungamo la mwisho peke yake. Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Gavana mpya, Rod Blagojevich, wa chama cha Obama, alikuwa amekwisha kusema haungi mkono.

Obama hakuwapelekea polisi hotuba ya haki za binadamu. Alikaa nao kwa vikao virefu, akawaambia kwamba kamera inayomfichua askari mtesaji ndiyo hiyohiyo inayomlinda askari mwaminifu dhidi ya mshukiwa anayesingizia kuteswa, na kwamba mwendesha mashtaka mwenye mkanda hana haja ya kubishana mahakamani kuhusu nani alisema nini. Kisha akakubali kupunguza: sheria ihusu kesi za mauaji, ihusu mahojiano ya washukiwa walio chini ya ulinzi, iwe na tofauti chache pale kurekodi kusipowezekana, na vituo vipewe muda wa kununua vifaa. Watetezi wengine waliona ametoa mengi mno. Mswada ukapita Seneti bila kura ya kupinga, na gavana aliyekuwa ameukataa akautia saini Julai 2003. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha jambo hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Alaska na Minnesota walikuwa wamelifikia kwa hukumu za mahakama.

Wapo maseneta waliolalamika kwamba Jones alikuwa akichukua miswada ambayo wao waliihangaikia kwa miaka na kumkabidhi Obama dakika za mwisho ili jina lake lipande. Malalamiko hayo yana msingi, na sioni sababu ya kuyaficha: hakuna seneta wa kawaida anayepata mavuno ya namna ile bila mkono wa mwenye nyumba. Ila kwa mswada wa kurekodi, kazi ya kuwalainisha wapinzani aliifanya mwenyewe, na hata waliokuwa upande wa polisi walikiri hivyo.

Machi 2004 alishinda mchujo wa Democratic wa kiti cha seneti ya taifa kwa asilimia 53, akiwaacha mbali mtu wa mtandao wa chama na milionea aliyetumia fedha zake mwenyewe. Julai akahutubia mkutano mkuu wa chama mjini Boston, akiwa bado seneta wa jimbo, na Novemba akamshinda Alan Keyes kwa asilimia 70 dhidi ya 27. Sehemu hiyo unaijua, na si ya Springfield tena.

Kuhusu kiti alichokiacha: alijiuzulu mwanzoni mwa Novemba 2004, na hapakuwa na uchaguzi mdogo kama ambavyo ungekuwepo Kenya. Sheria ya Illinois huwapa viongozi wa chama wa wadi zilizomo ndani ya eneo husika mamlaka ya kuteua mrithi, nao walimteua Kwame Raoul, wakili aliyezaliwa Chicago kwa wazazi waliohamia kutoka Haiti. Raoul alikaa katika Seneti kwa miaka 14, na ndiye aliyeubeba katika Seneti mswada uliofuta kabisa adhabu ya kifo jimboni humo mwaka 2011. Tangu Januari 2019 amekuwa mwanasheria mkuu wa Illinois.